Mama Ngumi na Mguu wa Fundi Bembea

Jino langu la mbele, hili ambalo halipo, lilitolewa na mfuniko wa sufuria. Mwenye mfuniko alikuwa mwanamke anayenifika begani, na kosa langu lilikuwa kipande kimoja cha nyama ya kuchoma, tena chenye mafuta pembeni, nilichompa mumewe alipopita mbele ya jiko langu. Sikumpa sumu. Nilimpa onjo, kama tunavyopeana siku zote sisi watu wa viwanjani. Mama Ngumi hakuuliza swali. Nilisikia kengele kichwani, nikaona damu yangu inadondokea nyama za wateja, halafu nikamsikia akisema kwa upole kabisa, "Shemeji, mara ya kwanza nilikwambia kwa mdomo."

Ananiita shemeji kwa sababu mimi na mumewe, Fundi Bembea, tumehangaika pamoja tangu hatujaota ndevu. Hatukuzaliwa tumbo moja, lakini harusi yake mimi ndiye niliyesimama upande wake, na siku hiyo hiyo nikapata salamu yangu ya kwanza. Bibi harusi alinipiga mgongoni kwa furaha, nikameza pipi nzima nzima. Jina la Mama Ngumi alipewa na watoto wa mtaani kwao. Analijua na hajawahi kulikataa.

Mtu hazaliwi hivyo. Alilelewa na mjomba wake, mpakuzi wa magunia katika soko la jumla. Pale lori likiingia hakuna foleni wala tafadhali. Anayeshika gunia kwanza ndiye mwenye mzigo, na anayelitaka baada yake lazima amwondoe. Mjomba alimfundisha kupiga kabla ya kusema, maana ukianza kusema umeshachelewa. Hajavunja ungo vizuri, tayari alikuwa na mzigo wake mwenyewe na wanaume wazima na vifua vyao wanampisha. Kama unadhani natia chumvi, nenda kamtazame vifundo vya vidole.

Tatizo ni kwamba mkono ule haukufundishwa kazi nyingine. Akikasirika anapiga, akifurahi anapiga. Binti yao alipofaulu mtihani alipigwa ngumi ya bega ya pongezi, mtoto akaenda kwenye sherehe yake mwenyewe mkono umefungwa kitambaa. Fundi naye alikuwa anakula za kwake. Nyumba yao ni vyumba viwili na ukumbi mwembamba, na mlango wa chumba cha kulala una tundu la ukubwa wa kichwa cha mchi. Siku moja nilimuuliza Fundi lile tundu limetoka wapi. Akasema, "Niliinama." Tukaendelea kunywa chai.

Sasa kazi yetu. Sisi tunaishi kwa maonyesho na matamasha. Kukiwa na maonyesho ya biashara tupo, ya wakulima tupo, mpira wa fainali tupo, wanamuziki wakipanda jukwaani sisi tuko chini yao na majiko. Fundi ndiye mwendeshaji wa ile bembea kubwa ya gurudumu inayowapandisha watu juu mpaka wanaita mama zao. Anakaza nati, anatia grisi, anavuta breki. Mimi nachoma nyama. Mama Chipsi anakaanga viazi na soseji, na pembeni yake yupo Muuza Soda, kijana wa maneno mengi anayekaa juu ya makreti yake kama amezaliwa nayo.

Na sisi kwa sisi hatuuziani. Ukimuuzia mtu wa uwanjani, wenzako watakuona huna utu. Anayepita anapewa onjo, kipande hapa, kijiko pale, naye kesho atakusaidia kufunga turubai au atawapandisha wanao bembea bure. Fundi alikuwa anazunguka na kopo lake la grisi mchana na jioni, na kila meza ilikuwa inamjua. Kila mmoja wetu alimpa kidogo tu, na kila mmoja alijua mwenyewe ametoa kidogo. Hakuna aliyewahi kukaa akafikiri kwamba kidogo cha meza ishirini ni karamu ya mtu mmoja. Sukari ilipompanda na vidole viwili vya mguu wa kushoto vikakatwa, tulichangishana, tukamtembelea, tukampelekea keki. Naapa. Keki, hospitalini, kwa mgonjwa wa sukari, tena ya kukaangwa.

Keki ile Mama Ngumi aliitupa dirishani na sahani yake. Daktari alikuwa ameshamwambia mbele yetu: huyu bwana akiendelea kula hivi, safari ijayo siyo vidole, ni mguu. Mama Ngumi alitutazama mmoja mmoja. Sijawahi kutazamwa vile na mtu ambaye hajanishika shati.

Wiki iliyofuata alihamia uwanjani. Aliacha kuuza mboga sokoni, akaja na meza, visu vitatu, sufuria la kuchemshia mayai, ndoo ya juisi yenye mfuniko na ubao alioandika mwenyewe: MATUNDA. KARANGA. MAYAI YA KUCHEMSHA. JUISI HALISI, HATUTII SUKARI. Meza aliiweka katikati, kati ya jiko langu na karai la Mama Chipsi, ili Fundi asiweze kufika kwetu bila kupita mbele yake. Akatuambia mara moja tu kwa mdomo: hakuna wa kumpa mume wangu kitu.

Tukacheka. Nani anakuja kwenye sherehe kula tango? Lakini yule mama ana mdomo kama ana mkono. Mteja akisogea, anapewa darasa. "Zunguka uwanja mzima kwanza ndipo ufungue pochi. Wewe unanunua la kwanza unaloliona, ndoa yako nayo uliipata hivyo?" Watu hoi. "Ule nyumbani kabla ya kuja, ukija hapa na njaa utanunua hata viti. Maji kwanza, baba, hiyo ni kiu, siyo njaa. Ukinunua nyama ya shemeji yangu pale, ng'oa mafuta, chukua na kachumbari, na hiyo sahani moja mle wawili. Halafu kaa chini utafune. Mtu anakula huku anatembea, tumbo litajuaje kama limekula?" Mwezi haukuisha, foleni yake ikawa ndefu kuliko yangu. Sikupenda, lakini alichosema kilikuwa kweli tupu, na hata mimi nilianza kung'oa mafuta.

Wateja walipata maneno. Sisi tulipata vita.

Mimi ndiye niliyefungua dimba, jino likaenda. Akafuata Mama Chipsi. Huyu ni mwanamke mpana, mwenye kicheko kikubwa, na hakuamini kama mtu anaweza kumgusa. Alimpa Fundi soseji mbili ndani ya karatasi, akamkonyeza. Mama Ngumi alimrukia juu ya meza. Walishikana nywele, wakabiringika kwenye maganda ya viazi, meza ikalala, na mimi nikawahi karai la mafuta kwa mikono miwili maana lilikuwa linaelekea kwenye vichwa vyao. Kovu la kiganja changu cha kulia limetoka hapo. Mama Chipsi alinyanyuka na shungi la nywele pungufu. Alilia siyo kwa maumivu, alilia kwa aibu, kwa sababu wateja walikuwa wanapiga makofi.

Muuza Soda alijifanya mjanja. Alikuwa anamwachia Fundi chupa nyuma ya tangi la maji, anapiga mluzi, Fundi anaenda kama anakwenda kujisaidia. Mama Ngumi alikaa nyuma ya tangi akamsubiri. Tulisikia mluzi, tukasikia chupa, halafu tukamsikia Muuza Soda anaomba radhi kwa lugha mbili. Jicho lake lilifumba kwa siku kadhaa na mluzi ukaisha.

Na Fundi mwenyewe? Alipigwa kila mara, tena kabla yetu. Alivutwa sikio kutoka kwa Mama Chipsi mpaka kwenye bembea, watoto wanashangilia juu. Alipigwa ubao wa kukatia matunda, alipigwa ufagio. Niliwahi kumwambia, "Ndugu yangu, hii siyo ndoa, hili ni pambano na refa hayupo." Akacheka, akasema, "Anaogopa. Akiogopa ndivyo anavyofanya." Mimi nilikasirika badala yake. Mtu akiogopa si alie kama watu wengine?

Mwisho tulisalimu amri. Askari wa uwanja alituita, akasema ugomvi mwingine mmoja tunafukuzwa wote, basi tukakubaliana kwamba hakuna tena wa kumpa Fundi onjo. Ikawa hivyo. Akipita na kopo lake la grisi tunatazama pembeni, tunajidai tunapuliza moto. Ilikuwa inaniuma. Alikuwa anasalimia meza moja baada ya nyingine na kila meza ina shughuli. Lakini tulisema heri apite na njaa na miguu miwili.

Jioni, bembea ikisimama, alikuwa anakwenda kwenye meza ya mkewe. Pale palikuwa na kipande cha samaki wa kuchemsha, yai, matango, kila kitu kwa kipimo cha daktari. Na mwisho kilikuja kikombe. Juisi ya nanasi, embe na machungwa hailali mpaka kesho, na mtu aliyebeba magunia hawezi kumwaga chakula. Kwa hiyo iliyobaki kwenye ndoo aliimimina kwenye kikombe kikubwa cha bati, kile cha lita nzima, akampa mumewe. "Kunywa, baba watoto. Hii haina kitu cha dukani, ni ya mti mtupu." Alikuwa anamshika shingo kwa nyuma huku anakunywa, anampangusa grisi usoni na kitambaa chenye maji. Baadhi ya jioni ndoo ilibaki nyingi na kikombe kikajazwa mara mbili. Sisi wote tuliona, na hakuna aliyewaza chochote. Juisi ni matunda, na matunda ndiyo aliyokuwa anatupigia wote.

Siku ya maonyesho makubwa, watu walikuwa wamejaa pomoni. Fundi alifanya kazi tangu asubuhi bila kukaa. Mchana alikuja kuniomba maji, nikaona nyayo nyekundu nyuma yake kwenye nyasi zilizokanyagwa. Moja nyekundu, moja kavu, moja nyekundu, moja kavu. Nikamwambia, "Fundi, umekanyaga nini?" Akatazama chini akashangaa kuliko mimi. Nilimkalisha, nikainua mguu wa kushoto. Msumari wa kupigia mahema ulikuwa umepita soli, umeingia kwenye unyayo mpaka kwenye kichwa chake. Alikuwa anautembelea toka alfajiri, labda toka jana, maana kiatu kilipotoka, pembeni ya tundu palikuwa na weusi na harufu. Hakusikia kitu. Alikuwa ananitazama navuta ule msumari kama anamtazama fundi viatu kazini.

Mama Ngumi aliona umati akaja. Aliona mguu, akaona msumari mkononi mwangu, na mimi nikafunga macho nikisubiri. Hakupiga. Alimbeba mumewe mgongoni. Nasema alimbeba, mwanamme mzima, mpaka barabarani, mimi nakimbia nyuma na kiatu.

Hospitalini walimpima sukari, nesi akatazama mashine, akaitikisa, akampima tena. Daktari akaja akabonyeza mguu mpaka gotini. Akasema uozo unapanda, lazima wakate leo hii, mara chumba cha upasuaji kikipata nafasi. Kama ni chini ya goti au juu yake, atajua akifika ndani. Na kama sukari haishuki, aliongeza, asiwadanganye, hata maisha yenyewe yako mashakani.

Mama Ngumi alitumwa kuleta shuka na maji. Ndipo nesi akavuta kiti. "Baba, sasa mkeo hayupo. Hii sukari haijaja bure. Unakula nini?"

"Samaki wa kuchemsha," Fundi akasema. "Yai. Matango."

"Na unakunywa nini?"

Fundi akatazama mlangoni kwanza. "Juisi ya mke wangu," akasema. "Kila jioni. Kikombe kikubwa."

"Kikubwa kiasi gani?" Alionyesha kwa mikono, na uso wa nesi ukabadilika. "Lita? Kila siku? Baba, juisi ni sukari tupu, hata kama hujatia kijiko. Chungwa moja ule na nyama zake ni sawa. Lakini hapo umekamua machungwa kumi na embe juu yake, ukameza kwa mkupuo. Huko kliniki hawakukwambia?"

"Waliniambia. Siku nyingi."

"Sasa?"

Fundi akageukia ukutani. Mimi nilisimama pale na kiatu mkononi. Nesi alipoitwa kitanda kingine, Fundi alinishika shati akanivuta. Mkono ulikuwa wa moto. "Ukimwambia," akasema, "mimi na wewe basi." Nikamwapia. Nilikuwa na hasira naye mpaka nikataka kumpiga mimi mwenyewe, lakini nikamwapia.

Mama Ngumi alirudi na shuka. Aliuliza swali moja tu. "Nani kakupa nini?"

Fundi alikuwa na homa, macho yanafunga. Alisema neno ambalo aliona ni dogo. "Vitu vya pale uwanjani tu, mama watoto. Kidogo kidogo."

Aliitandika shuka vizuri, akaingiza pembe zote chini ya godoro, akatoka. Nilidhani amekwenda chooni. Nilipopata akili nilikuwa nimeshachelewa, nikaanza kukimbia.

Nilifika uwanjani nikakuta moshi. Mama Ngumi alikuwa amechomoa nondo ya kufungia hema, amepita nayo. Meza yangu ilikuwa vipande viwili na mkaa umetapakaa. Jiko la Mama Chipsi alilipiga teke, karai likapinduka, mafuta yakamwagikia mguu wa mwenye karai na mengine yakaingia kwenye moto. Turubai lilikuwa linawaka. Watu wanakanyagana, mama anamwita mwanawe, bembea imesimama na watu wamenasa juu wanapiga yowe kwa sababu aliyewekwa badala ya Fundi alikuwa amekimbia. Mama Chipsi alikuwa ameketi chini, mguu ndani ya ndoo ya maji, anatetemeka, ngozi ya muundi wa mguu imechubuka kama ya nyanya iliyochemshwa. Alikuwa anarudia tu, "Sijampa kitu. Toka tuelewane sijampa kitu."

Makreti ya soda yalikuwa yamesagika. Muuza Soda hakukimbia, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Alivunja chupa akamkata Mama Ngumi mkono toka kiwiko mpaka karibu na kiganja, damu ikaruka. Mama Ngumi hakuitazama hata. Alimpiga nondo ya goti, kijana akaenda chini juu ya vigae vya chupa, na nilipowafikia alikuwa amemwekea mguu kifuani, nondo iko juu, kwa mikono miwili, na macho yake yanatazama katikati ya paji la uso wa yule kijana. Nilijua anaua. Nimechinja wanyama wengi, najua mkono ulioamua.

Nilimrukia nikaishika nondo kwa juu. Alinitikisa kama gunia. "Shemeji, mwache," nikasema. "Siyo yeye."

"Ni nani? Ni wewe?"

"Siyo mimi."

"Nitaanza na huyu halafu nitakujia."

Basi kiapo nikakitupa. Kulikuwa na kichwa cha mtoto wa watu chini ya ile nondo. "Ni juisi yako," nikasema. "Nesi amesema. Ile lita ya kila jioni, ni sukari tupu. Sisi hatujampa kitu, ni juisi yako."

Alinitazama kama nimeongea Kichina. "Situmii sukari," akasema. "Soma ubao. Sijawahi kutia hata kijiko."

"Ina ya kwake. Matunda yana sukari yake, ukiyakamua mengi hivyo yanaua kama soda."

"Angeniambia."

"Alijua. Kliniki walimwambia zamani."

Nondo ilianguka. Kisha ngumi ikaja, sikuiona, na pua yangu ikavunjika kwa mlio niliousikia ndani ya masikio. Nilipofumbua macho nilikuwa nimekaa karibu na Muuza Soda, tunatazamana. Wanaume walikuwa wameshakusanyika na fimbo na vipande vya mbao, na mmoja alikuwa ameshampiga Mama Ngumi fimbo ya mgongo. Hakugeuka. Wa pili akampiga, akapepesuka, hakugeuka. Wangemmaliza pale pale. Mama Chipsi akapaza sauti kutoka kwenye ndoo yake. "Mwacheni aende. Ana mgonjwa." Alisema hivyo huku analia kwa mguu wake, na mpaka leo sijui aliyatoa wapi maneno yale. Wakampisha.

Tuliingia hospitalini wawili, yeye mkono unavuja, mimi pua imehamia shavuni. Mlinzi wa getini alitutazama akauliza, "Mgonjwa ni yupi kati yenu?" Tukampita.

Fundi alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji. Kitanda cha magurudumu kilikuwa tayari pembeni yake. Alipomwona mkewe, halafu akaona pua yangu, akajua. Alinitazama kwa jicho moja la lawama, nikaangalia chini.

Mama Ngumi alisimama karibu na kichwa chake. Damu ilikuwa inamtoka kwenye vidole inadondoka sakafuni, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulijua."

"Nilijua."

"Nimewang'oa watu meno. Nimemchoma mama wa watu mafuta. Sasa hivi nilikuwa naua mtoto wa watu, shemeji ndiye kanizuia. Na wewe ulijua ni mimi."

"Nilijua."

"Kwa nini hukuimwaga? Kwa nini hukusema neno moja tu, sitaki?"

Fundi alilamba midomo. Alikuwa anahema kwa shida, na alikuwa anaogopa, mtu yeyote angeona. "Mama watoto," akasema, "tumeoana miaka ishirini na mbili. Nitajie saa nyingine unayonishika bila kunipiga."

Nilimwona Mama Ngumi anatafuta. Alikuwa anatafuta kweli, macho yanakwenda huku na huku, kama mtu anayepekua nyumba yake mwenyewe. Alitafuta muda mrefu, na hakupata.

"Ningekunywa hata mafuta ya taa," Fundi akasema.

Akampiga kofi. Kofi la sauti, la mkono mzima, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaketi. Nesi akaja mbio. Lakini mkono ule haukurudi. Ulibaki pale pale shavuni kwa Fundi, umefunguka, na damu yake ikawa inapita kati ya vidole inamshukia mumewe shingoni. Fundi alifumba macho akaulalia.

"Mama, mwachie," nesi akasema. "Chumba kiko tayari, tunampeleka."

Hakusikia au hakuweza. Wakamhamishia Fundi kwenye kitanda cha magurudumu hivyo hivyo, wakakisukuma, na yeye akatembea pembeni ameinama, mkono shavuni, ukumbi mzima. Mlangoni ilibidi manesi wawili waufungue ule mkono kidole kimoja kimoja. Ndani walikata juu ya goti.